Masurufu ya Mtoto na Namna ya Kuyakadiri

Neno nafaka, ambalo kwa Waswahili wa leo ni mtama, mpunga, mahindi na jamii zao, lilifika pwani kutoka katika lugha ya Kiarabu, na huko asili maana yake ni matumizi, yaani gharama ya kumlisha na kumvika mtu ambaye riziki yake imo mikononi mwa mtu mwingine. Katika safari yake ya kuvuka bahari neno hilo liliteremka kutoka kitabu cha sheria likaingia ghalani. Kuteremka huko hakukuwa kwa bahati tu. Vitabu vya fikihi vilivyosomwa Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa vilipima matumizi ya nyumba kwa vipimo vya chakula kikavu zamani sana kabla mtu hajafikiri kuyapima kwa fedha. Swali lililowasumbua waandishi wa vitabu hivyo ndilo linalowasumbua mahakimu mpaka leo: mume na mke wakiisha kuachana, na mtoto akabaki kwa mmoja wao, yule asiyeishi na mtoto atoe kiasi gani, na kiasi hicho kijulikane kwa njia gani?

Wengi wa Waislamu wa pwani hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na mojawapo ya vitabu vilivyotegemewa sana katika madhehebu hayo ni Minhaj at-Talibin cha Nawawi, mwanachuoni wa Shamu aliyekufa mwaka wa 1277. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kifaransa na van den Berg katika karne ya 19, na kutoka Kifaransa kikatolewa kwa Kiingereza na Howard mwaka wa 1914, hata majaji wa kikoloni wasiojua Kiarabu wakaweza kukifungua mezani. Msomaji wake hukuta jambo la kustaajabisha. Matumizi ya mke yamewekewa hesabu kamili: mume tajiri hutoa mudi mbili za chakula kila siku, maskini hutoa mudi moja, na aliye baina yao hutoa moja na nusu. Mudi nne hufanya saa moja, kama vile vibaba vinne vifanyavyo pishi. Lakini mtoto hakuwekewa mudi wala nusu ya mudi. Haki yake imeelezwa kwa neno moja tu, kifaya, yaani kinachomtosha: chakula kwa kadiri ya umri wake, nguo kwa kadiri ya majira, na makazi.

Hekima ya tofauti hiyo ni dhahiri. Mtoto wa miezi 8 na mtoto wa miaka 8 hawali chungu kimoja, na kipimo kinachomfaa mmoja kingekuwa dhuluma kwa mwingine. Tena mafundisho yaliyo juu ya vitabu vyote yalielekea huko huko: Kurani humtaka mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyepunguziwa riziki atoe katika kile alichopewa, na Hadithi ya Hindi, mke wa Abu Sufiani, aliyelalamika kwamba mumewe ni bahili, huonyesha kwamba aliruhusiwa kuchukua katika mali ya mume kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema unaojulikana na watu. Hapakutajwa idadi. Wema unaojulikana ndio uliokuwa mizani, na mwenye kuishika mizani hiyo alikuwa kadhi aliyewajua watu wa mji wake.

Walakini kadirio lisilo na tarakimu lina udhaifu wake, na wanachuoni wenyewe waliuona. Matumizi ya mke, kwa kuwa yana hesabu, yakikosa kulipwa huwa deni juu ya mume. Siku zikipita, deni hukua. Matumizi ya mtoto yakikosa kulipwa, siku ikipita na mtoto amekula kwa njia nyingine, haki ya siku hiyo hutoweka. Haiwi deni isipokuwa kadhi awe ameikata kwa hukumu au ametoa idhini ya kukopa kwa ajili yake. Mtalaka aliyemlisha mwanawe miezi sita kwa kusuka ukili na kuuza vitumbua, kisha ndipo akaenda mahakamani, aliweza kupata amri ya kesho, bali si fidia ya jana. Alichoweza kudai kwa nafsi yake kilikuwa ujira wa kunyonyesha, ambao Kurani yenyewe imeutaja. Hivyo katika sheria hii ya kale mtoto alipewa kipimo chema kuliko cha mama yake na ulinzi dhaifu kuliko wa mama yake, na mambo yote mawili yalitoka katika chanzo kimoja: hakuwa na namba.

Sheria iliyokuja na Waingereza ilishika njia ya pili, njia ya namba, na namba hiyo ilikuwa na historia yake isiyopendeza. Katika Uingereza sheria ya mwaka wa 1576 iliwapa mahakimu wa amani uwezo wa kumwamuru baba au mama wa mtoto wa nje ya ndoa alipe kiasi fulani kila juma, na nia yake ilikuwa kuiondolea parokia mzigo. Mtoto alikadiriwa kwa gharama aliyoitia parokia, si kwa haja aliyokuwa nayo. Sheria ya maskini ya 1834 ikaweka karibu mzigo wote juu ya mama, kwa madai kwamba wanawake walikuwa wakijipatia faida kwa aibu yao. Miaka 10 baadaye, mwaka wa 1844, mama alipewa haki ya kumshtaki baba yeye mwenyewe, lakini hakimu alifungwa mikono: hakuweza kuamuru zaidi ya shilingi 2 na peni 6 kwa juma. Ukomo huo ukapandishwa hadi shilingi 5 mwaka wa 1872, shilingi 10 mwaka wa 1918, shilingi 20 mwaka wa 1923, shilingi 30 mwaka wa 1952, na shilingi 50 mwaka wa 1960. Mwaka wa 1968 Bunge lilichoka kuifukuza bei ya mkate, likaufuta ukomo wenyewe. Mwendo huo wa ngazi unafaa kukumbukwa, kwa sababu mtoto wa sheria hii aliyezaliwa Afrika ya Mashariki hakupanda ngazi pamoja na mama yake.

Tanganyika ilipata sheria yake ya watoto wa nje ya ndoa mwaka wa 1949. Ilifuata mfano wa Kiingereza: mama apeleke malalamiko mahakamani, athibitishe kwamba fulani ndiye baba, na hakimu atoe amri ya malipo. Nayo pia ilikuwa na ukomo, na ukomo uliobaki katika kitabu cha sheria mpaka mwisho wa maisha yake ulikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Ni idadi yenye umbo zuri, rahisi kukumbukwa, na yamkini uzuri huo wa umbo ndio uliofanya watu wasiitazame sana. Iko pia mahali pengine. Sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa kuumeni, zilizotangazwa na serikali mwaka wa 1963 baada ya kazi kubwa ya kukusanya iliyofanywa na Hans Cory, zilimruhusu mwanamume kumhalalisha mtoto aliyezaa na mwanamke asiyemwoa, kabla mtoto hajaachishwa ziwa, kwa kumlipa baba wa msichana shilingi 100 kwa kila mtoto. Kwa sheria moja fedha hiyo ilikuwa posho ya mwezi mmoja, kwa sheria nyingine ilikuwa bei ya ukoo mzima. Na katika mikono ya wasiosoma sana haikuwa vigumu kuzichanganya.

Thamani ya namba haijulikani mpaka iwekwe kando ya namba nyingine. Mshahara wa chini mjini Dar es Salaam uliowekwa mwaka wa 1963 ulikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Mbele ya mshahara huo shilingi 100 zilikuwa theluthi mbili, na hakimu aliyefikia ukomo angeweza kushutumiwa kwamba amemfilisi kibarua. Mwaka wa 1974 mshahara wa chini ulifika shilingi 340, na mwaka wa 1981 shilingi 600. Shilingi 100 zikawa sehemu moja ya sita. Hata hapo bado zilikuwa kitu. Lakini baadaye shilingi ilishuka thamani mara nyingi, na ilipotimia mwaka wa 2009 dola moja ya Kimarekani ilinunuliwa kwa shilingi zaidi ya 1,300. Posho ya mwezi mzima ya mtoto haikutosha nauli ya mama yake kwenda mahakamani kuipokea. Hakuna aliyetunga sheria kwamba baba wa mtoto wa nje ya ndoa asamehewe wajibu wake. Wajibu ulisamehewa na wakati peke yake, mwaka baada ya mwaka, bila kikao wala kura.

Jambo hili lilizidi kuwa zito kwa sababu ya sheria iliyosimama kando yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971, ambayo kwa mambo mengi ilisifiwa kwa haki, ilimpa baba wajibu wa kuwatunza watoto wake kwa makazi, mavazi, chakula na elimu, kwa kadiri inavyostahili uwezo wake na daraja yake ya maisha. Na mama akaitwa kubeba wajibu huo baba akiwa amekufa, hajulikani alipo, au hawezi. Humo hamna ukomo. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 30 watoto wawili wa baba mmoja waliweza kukadiriwa kwa mizani mbili. Yule aliyezaliwa katika ndoa iliyovunjika alipimwa kwa mfuko wa baba. Yule aliyezaliwa nje alipimwa kwa shilingi 100. Mtu akisema kwamba wote wawili walikuwa chini ya kinga ya sheria, amesema kweli, kama vile ni kweli kusema kwamba mwavuli na kawa vyote hufunika.

Kenya ilipita njia fupi zaidi na kali zaidi. Sheria yake ya namna hii ilianza mwaka wa 1959. Wanawake, hasa wa mijini, waliitumia, na kadiri walivyoitumia ndivyo kelele zilivyozidi. Katika Bunge lililojaa wanaume ilisemwa kwamba sheria hiyo ni ya kigeni, kwamba inawatia wasichana tamaa, na kwamba baadhi yao wanazaa ili walipwe. Ni hoja zile zile za Uingereza ya 1834, zikitolewa sasa na watu waliojivunia kuutupa Uingereza. Maendeleo ya Wanawake na vyama vingine vilipinga, lakini mwaka wa 1969 sheria ilifutwa bila kuwekwa nyingine mahali pake. Swali la kiasi gani lilijibiwa kwa kuondolewa. Ilibidi kungoja Sheria ya Watoto ya 2001, ambayo nayo haikumfunga baba asiyeoa ila kwa masharti, mathalan awe ameishi na mama wa mtoto muda usiopungua miezi 12, au awe amemkubali mtoto. Na hatimaye katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, ikatamka kwamba wajibu ni wa baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Wakati mahakama za Afrika ya Mashariki zikiwa baina ya mudi na shilingi, wataalamu wa hesabu katika Ulaya walikuwa wamekwisha kuliuliza swali kwa namna nyingine: je, gharama ya mtoto yaweza kuonekana ndani ya daftari la matumizi ya nyumba? Ernst Engel, mkuu wa takwimu huko Saxony, alichapa mwaka wa 1857 uchunguzi wake uliotegemea matumizi ya jamaa za wafanyakazi wa Ubelgiji. Aliona kwamba nyumba ikiwa maskini zaidi, fungu la chakula katika matumizi yake huwa kubwa zaidi. Kutokana na hayo ilizaliwa kanuni ya makadirio: chukua nyumba mbili, moja ina mtoto na moja haina, zikitumia fungu sawa kwa chakula, zihesabu kuwa na hali sawa, na tofauti ya fedha baina yake ndiyo gharama ya mtoto. Mwaka wa 1943 Erwin Rothbarth, kijana aliyekufa vitani mwaka uliofuata, alipendekeza kutazama kinyume chake, yaani vitu ambavyo mtoto havitumii kabisa, kama tumbaku na pombe. Wazazi wakipunguza vitu hivyo baada ya kupata mtoto, kiasi cha fedha kitakachowarudisha kwenye matumizi yao ya kwanza ndiyo gharama.

Kila moja ya njia hizi mbili ina kasoro, na kasoro hizo zinaeleweka hata na mtu asiyejua aljebra. Mtoto mdogo anakula zaidi kuliko anavyotumia vitu vingine. Kwa hiyo hata wazazi wakirudishiwa kila senti, fungu la chakula katika nyumba yao litakuwa kubwa, na njia ya Engel itadhani bado ni maskini. Inazidisha. Nayo njia ya Rothbarth huelekea kupunguza, kwa kuwa wazazi hubadili mwenendo: chakula kizuri hugawanywa kwa vinywa vingi, bali kiko cha baba hakigawanywi, na hivyo vitu vya wakubwa huweza kupendelewa kwa kuwa havina mshiriki. Angus Deaton na John Muellbauer, walipoyapima mambo haya kwa takwimu za Sri Lanka na Indonesia mwaka wa 1986, walionyesha kwa nini njia ya kwanza haiaminiki, na kwa hesabu zao mtoto aligharimu kama asilimia 30 hadi 40 ya gharama ya mtu mzima.

Makadirio ya namna hiyo yaligeuka kuwa sheria katika Marekani katika miaka ya 1980, serikali kuu ilipoyataka majimbo yote yawe na kanuni zilizoandikwa. Wisconsin ilichagua wepesi: baba, au yeyote asiyeishi na mtoto, hukatwa asilimia 17 ya mapato kwa mtoto mmoja, 25 kwa wawili, 29 kwa watatu, 31 kwa wanne, na 34 kwa watano au zaidi. Majimbo mengi yalichagua njia iliyobuniwa na Robert Williams, ambayo hujumlisha kwanza mapato ya wazazi wote wawili kana kwamba hawakuachana. Tuseme baba hupata 600,000 kwa mwezi na mama 400,000, na jedwali linasema nyumba ya milioni moja hutumia 200,000 kwa mtoto. Baba atatoa sehemu yake, 120,000. Sehemu ya mama, 80,000, huhesabiwa kuwa anaitumia nyumbani kila siku bila kuandikiwa risiti. Kwa kanuni ya Wisconsin baba huyo huyo angelipa 102,000, na mapato ya mama yasingeulizwa.

Uingereza ilianza mwaka wa 1993 na kanuni ya herufi na alama ambayo maofisa wake wenyewe waliona taabu kuikokotoa, ikawa makosa na malimbikizo yakafanya jina la idara hiyo liwe shutuma. Kuanzia mwaka wa 2003 iligeukia asilimia 15, 20 na 25 ya mapato baada ya kodi, na sheria iliyofuata, iliyoanza kutumika mwaka wa 2012, ikaweka 12, 16 na 19 ya mapato kabla ya kodi, kwa mapato yasiyozidi pauni 800 kwa juma. Humo hata usiku una bei: mtoto akilala kwa mlipaji nyusiku 52 hadi 103 kwa mwaka, malipo hupunguzwa sehemu moja ya saba.

Tanzania haikuchukua jedwali. Sheria ya Mtoto ya mwaka wa 2009 ilifuta sheria ya 1949 pamoja na shilingi zake 100, na ikawaagiza mahakimu watazame mambo kadhaa kwa pamoja: mapato na mali ya wazazi wote wawili, upungufu wowote wa uwezo wa kuchuma wa anayepaswa kulipa, wajibu wake kwa watoto wengine, gharama za maisha mahali anapoishi mtoto, na haki za mtoto mwenyewe. Sheria hiyo imeahidi pia kwamba mtoto wa wazazi waliotengana atapata matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla ya kutengana. Ahadi hiyo ni njema, na hesabu yake ni ngumu. Nyumba moja ikiwa mbili, kodi ya chumba hulipwa mara mbili, meko huwashwa mara mbili, na fedha hazikuongezeka. Mtu fulani lazima apungukiwe, na sheria imesema asiwe mtoto. Haikusema awe nani.

Hapo ndipo ugumu wa nchi hizi unapotofautiana na wa Wisconsin. Asilimia yahitaji kitu cha kukatwa. Mwajiriwa wa serikali ana hati ya mshahara, na hakimu anaweza kuisoma. Lakini mvuvi wa Pangani, ambaye msimu wa kusi humwacha pwani siku nyingi, au mchuuzi wa Kariakoo ambaye mtaji na faida hulala katika mkoba mmoja, hana karatasi itakayosema mapato yake ni kiasi gani. Mama hutaja kiasi kikubwa, baba hutaja kidogo, na hakimu husikiliza mashahidi juu ya bati la nyumba, idadi ya nyavu, na shule wanakosoma watoto wa mke mwingine. Kipengele cha gharama za mahali kinasaidia kwa upande wa pili, kwa kuwa bei ya unga, karo na kodi ya chumba huulizwa na kujibiwa, na jibu la Lushoto si la Dar es Salaam.

Kiasi kinachopatikana kwa njia hiyo huandikwa katika amri kwa shilingi, na hubaki hivyo mpaka mmoja wa wazazi arudi kuomba kibadilishwe kwa sababu hali imebadilika. Katika Ujerumani jedwali la Düsseldorf, lililoanza kutumika mwaka wa 1962, hurekebishwa na majaji kila baada ya muda na kuchapishwa upya, na mama hana haja ya kuthibitisha kwamba mkate umepanda. Katika Tanzania sharti aende yeye, na mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni, akamweleze hakimu habari ambayo hakimu mwenyewe ameiona sokoni asubuhi ile.